Tundu la Pili Moyoni mwa Shemeji

Juma lililopita mliniacha mlangoni mwa karakana, ngumi nimezikunja, nahema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Aliyekosa gazeti lile nimpe kwa ufupi, kisha twende.

Mimi ni fundi wa makochi. Mtaani wananiita Sponji. Fremu za mbao anazitengeneza mume wa mdogo wangu, jitu la mabega mapana tunaloliita Randa. Yeye anaunda mifupa, mimi naivisha nyama na ngozi. Miaka kumi na mmoja tuko chini ya bati moja.

Asubuhi ile nilirudi nyumbani kufuata mkasi niliousahau. Nikamkuta mdogo wangu kizingitini. Huja kila siku kumwogesha mama yetu, ambaye amepooza upande mmoja tangu mwaka juzi. Mdomo wa mdogo wangu ulikuwa umevimba, meno mawili ya mbele hayapo.

"Nani kakufanya hivi?"

Akajifunika mtandio usoni, asijibu. Aliyejibu ni mke wangu, kutoka jikoni: "Kwani ana waume wangapi?"

Damu ile ilikuwa mbichi, bado inachuruzika. Mtu mwenye akili angejiuliza kapigiwa wapi. Mimi akili niliiacha pale pale kizingitini, nikakimbia.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Randa alikuwa ameinamia mguu wa kochi, anaulainisha. Shati amelitundika msumarini, maranda yamemjaa nywelini.

"Umempiga mdogo wangu!" nikafoka.

Hakuinua hata kichwa. "Mimi? Nikimpiga yule nitapikiwa na nani?"

Mimi na yeye ni watu wa kutaniana. Hata kwenye msiba wa baba yangu alinitania mpaka nikacheka mbele ya jeneza. Lakini siku hiyo masikio yangu hayakutaka utani.

"Meno mawili, Randa! Meno mawili!"

"Basi yamebaki thelathini. Yanamtosha kunisema."

Nikaokota mguu wa kochi, nikampiga nao nyuma ya sikio.

Akapepesuka, akashika benchi. Damu ikateremka shingoni. Akanigeukia na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini kwa ndoo ya maji.

"Sponji, umerukwa na akili?"

Nikampiga tena, safari hii begani, mbao ikakatika. Hapo naye akachemka. Alinishika shati, akanivuta, akanitwanga kichwa usoni. Nikasikia pua yangu ikivunjika kama biskuti. Akaniinua mzima mzima, akanibwaga juu ya kochi lililokuwa bado halina kitambaa. Springi zikaniingia mgongoni. Akanikalia tumboni, mkono mmoja kooni.

"Tulia!" alikuwa anapiga kelele. "Tulia nikuulize!"

Sikutaka kuulizwa. Macho yalianza kuingia giza. Mkono wangu wa kulia ukapapasa ukingo wa kochi, ukakutana na sindano yangu ya vifungo, niliyoichomeka pale jana yake na uzi wake umo.

Msioijua sindano hiyo, ni ya kutobolea kochi kutoka mbele hadi nyuma. Imenyooka, ina urefu wa shubiri moja na nusu, na ncha yake nainoa mwenyewe kwa tupa.

Nikamchoma nayo kifuani, upande wa kushoto, chini kidogo ya chuchu. Iliingia bila ubishi. Nikaichomoa.

Basi. Mara moja.

Randa akaniachia koo. Akajitazama kifuani. Palikuwa na doa la damu dogo kuliko la mbu aliyekandamizwa. Akacheka.

"Chanjo ya nini hii, shemeji?"

Akainuka. Akanitupia kitambaa nizibe pua. Yeye mwenyewe damu ya sikio inamtiririka, lakini anahangaikia pua yangu.

"Vuta pumzi," alisema. "Ukishatulia tunakwenda nyumbani sisi wote wawili. Nataka kujua nani kamgusa mke wangu."

Ndugu zangu, alivyolisema neno lile, niliona ubaridi ukinipanda kutoka kwenye nyayo. Mwongo hasemi hivyo. Nilimtazama akivaa shati lake, akifunga vifungo kimoja kimoja, nikajua nimempiga mtu asiye na habari.

Alifika mlangoni, akasimama. Akarudi, akaketi.

"Kifua kinabana," alisema. "Kama nimevaa shati la mtoto."

"Pumzika kidogo."

"Sponji, mbona pumzi haifiki chini?"

Jasho lilimtoka, jasho baridi. Akaanza kuinama mbele, viwiko juu ya magoti. Mishipa ya shingo ikasimama, minene kama vidole. Midomo ikageuka rangi ya majivu. Na bado doa lile kwenye shati halikuongezeka hata kidogo. Damu haikuwa inatoka nje. Ilikuwa inakwenda kwingine.

Kulikuwa na kochi moja lililokwisha, limepakiwa kwenye mkokoteni tayari kupelekwa kwa mwenyewe. Nikamketisha Randa juu yake, nikamwita jirani yetu, fundi wa kuchomelea, tukasukuma. Watu barabarani walitucheka. Jitu zima linabebwa kwenye kochi jipya la maua, kama bwana harusi! Mmoja akapiga vigelegele. Randa alijaribu kumpungia mkono, mkono ukaanguka.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana, mwembamba, kalamu tatu mfukoni, na sista mmoja mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Jirani yangu alirudi na mkokoteni. Nikabaki mimi na ulimi wangu.

"Amepatwa na nini?" daktari aliuliza.

Hapo ndipo nilipotenda dhambi ya pili, na naiona kubwa kuliko ya kwanza.

"Fremu ya kochi," nilisema. "Ilimwangukia kifuani."

"Na wewe pua?"

"Nilikuwa naizuia."

Randa aliniangalia kutoka kitandani. Alikuwa na uwezo wa kusema. Hakusema. Akafumba macho.

Daktari akambonyeza mbavu, moja moja, akitafuta iliyovunjika. Akaagiza picha. Tukangoja mtu wa picha. Kila dakika iliyopita niliiona ikipita usoni mwa Randa. Sista akapima presha: tisini. Baadaye kidogo: themanini. Daktari akaweka kipimo cha kusikilizia kifuani, akakihamisha, akakihamisha tena.

"Moyo unasikika mbali," alimwambia sista. "Kama uko chumba cha pili."

Sista akafungua shati lote, akasogeza miwani. "Daktari, njoo uone. Hapa pana kitundu." Akanigeukia. "Fremu gani hii yenye jino moja?"

Nikatazama sakafu.

Mlango ukapigwa teke. Mdogo wangu aliingia peku, mtandio shingoni, mdomo wazi na pengo lake. Jirani alikuwa amempelekea habari. Alimwona mumewe, akaniona mimi, akaona pua yangu. Hakuna mtu aliyemweleza kitu. Alielewa mwenyewe.

"Kaka," alisema, "si yeye."

"Najua."

"Ni wifi. Ni mkeo, kanipiga kwa mchi. Nilimwambia mama ana vidonda mgongoni, hageuzwi. Akaniambia nimchukue basi, nikamwambia nitamchukua. Ndipo akanipiga." Maneno yalikuwa yanapita penye pengo yakitoka na mate ya damu. "Nilinyamaza kwa ajili yako. Nilijua utamrudisha kwao, na watoto wako watabaki bila mama. Nikanyamaza, kaka! Na wewe ukaenda kumfanya nini mume wangu?"

"Sixti!" sista alisoma presha kwa kelele, mpaka lugha ikampotea. "Daktari, sitini!"

Nikaanguka magotini. "Sindano," nilisema. "Nimemchoma sindano ya makochi. Urefu huu." Nikaonyesha kwa mikono. "Iliingia karibu nusu."

Daktari kijana alinitazama. Sitalisahau jicho lile. "Nusu saa nzima," alisema, "ulikuwa unanitafutisha mbavu."

Hakupoteza muda kunitukana. Alimwambia sista kwa haraka, nami nikasikia: moyo umo ndani ya mfuko wake. Sindano imetoboa moyo, damu inavuja na kujaa mfukoni, na sasa moyo umekabwa, haupati nafasi ya kutanuka. Ni lazima damu itolewe au mtu afe.

"Bingwa yuko wapi?"

"Yuko ndani, anapasua mtu wa ajali. Anasema dakika ishirini."

"Huyu hana dakika tano." Akavaa glavu. "Niletee sindano ndefu na bomba kubwa."

Sista akamsogelea, sauti chini. "Umewahi?"

"Nimeona ikifanywa. Mara mbili."

Mdogo wangu alitolewa nje akipiga kelele. Mimi nikaambiwa nimshike Randa mabega, kwa kuwa hapakuwa na mikono mingine. Nilimshika. Mikono ile ile.

Daktari akaingiza sindano chini ya mfupa wa kifua, ameilenga bega la kushoto. Taratibu. Akavuta bomba. Damu nyeusi ikaingia, nzito. Akavuta tena. Na ikawa kama muujiza: mishipa ya shingo ikalala, rangi ikarudi midomoni. Sista akasoma: "Tisini. Mia!"

Randa akafumbua macho, akaniona juu yake.

"Shemeji," alinong'ona, "mbona umenishika kama mbuzi wa kuchinjwa?"

Nikalia kwa sauti. Nilifikiri tumepona.

"Bado imo," daktari alisema. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye kidevu. "Niongeze kidogo."

Akasukuma.

Miaka ishirini nashika sindano. Nakijua kile kitambo kidogo ambacho mkono unaamini bado uko ndani, kumbe ncha imeshatokea upande usiotakiwa. Niliona sindano yake ikianza kucheza. Inaruka kwenye vidole vyake, tu, tu, tu, kwa mapigo ya moyo wenyewe.

"Umepita!" nikapiga kelele. "Rudisha! Umepita!"

Bomba likajaa lenyewe, bila kuvutwa. Damu hii ya pili, ya moyoni mwenyewe, iligandia kwenye bomba papo hapo. Daktari akaichomoa sindano. Akanitazama, nikamtazama. Sista alikuwa amegeuka kuchukua pamba, hakuona. Tuliona wawili tu.

Kisha Randa akageuza macho, na mwili ukalegea mikononi mwangu.

Walimkimbiza na kitanda chake. Bingwa akamwacha mtu wa ajali kwa msaidizi, akaja na mikono juu, mzee mfupi mwenye kipara, akatazama mara moja akasema, "Fungueni kifua." Mlango ukafungwa. Nikasikia chuma kikigongana na chuma. Sisi mafundi tunajua sauti ya kitu kigumu kinapanuliwa kwa nguvu. Niliziba masikio.

Mkono ukanishika kisogo.

Alikuwa kaka yake Randa, muuza nyama, bado amevaa gamboti na aproni ya kazini. Hakuuliza; mdogo wangu alikwisha kumweleza. Alinigonga ukutani, uso mbele, na pua iliyokuwa imevunjika ikavunjika upya. Akanigonga tena. Nilipoanguka akanipiga teke la mbavu, halafu la tumbo, halafu akapanda mkono wangu wa kulia kwa gamboti, akausaga sakafuni kama mtu anayezima moto.

"Mkono wa kushonea huo?" aliuliza. "Ndio huo?"

Vidole viwili vilitoa mlio. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua tatu kutoka pale. Sikumwomba anisaidie. Hakunisaidia.

Aliyenitoa chini ni koplo wa polisi, aliyeitwa na sista. Alimsukuma muuza nyama kando, akanikalisha, akatoa daftari.

"Wewe ndiye uliyemchoma?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa leso yake. "Mligombana, mkakamatana, ukashika kilichokuwa karibu. Mara moja. Akipona, mambo haya yana njia yake."

Mlango ukafunguliwa, akatoka sista wa miwani. Gauni lilikuwa jekundu mpaka viwikoni.

"Nani ndugu?"

Tukasimama wote. Hata mimi.

"Yuko hai," alisema. "Lakini moyo una matundu mawili. La mbele Bingwa ameshalishona. La pili liko chini, pembeni kabisa ya mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Akivuta uzi vibaya anauziba mshipa. Daktari wetu kijana ameliziba kwa kidole. Kidole chake ndicho kinachomweka hai sasa hivi, mpaka damu ya kumwongezea ifike na Bingwa apate pa kupitishia uzi. Mtulie. Asisukumwe mtu, usigongwe mlango. Kidole kikiteleza, basi tena."

Akarudi ndani.

Koplo alifungua tena daftari lake, akatazama alichoandika, akakikata kwa mstari.

"Mara moja, ulisema."

Nikaiziba pua kwa leso yake.

"Mara moja ni hasira, bwana. Mara mbili ni nia ya kuua. Hayo ni mashtaka mengine kabisa."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Tundu la pili si langu! Ni la daktari, nimemwona kwa macho yangu! Nilivuta pumzi nilitamke. Nikamwona muuza nyama. Alikuwa ameegemea ukuta, hatua nne kutoka mlango wa chumba cha upasuaji, ngumi zake zinakunjuka na kukunjika. Mtu yule angesikia daktari ametajwa, nani angemzuia? Koplo mmoja mwenye daftari? Angeingia na mlango wake. Na kule ndani kidole kimoja, cha kijana anayetetemeka, kimeshika uhai wa mume wa mdogo wangu.

Mdogo wangu akainuka kwenye benchi. Akaja taratibu mpaka mbele yangu. Hakulia. Bora angenipiga.

"Ya kwanza naielewa, kaka," alisema. "Ulidhani kanipiga. Ulikuwa unanipigania mimi. Ya pili ulimchoma kwa nini?"

Nilitazama lile pengo kinywani mwake. Nilitazama mlango.

"Hasira," nilisema. "Hasira, mdogo wangu."

Alinitemea mate usoni, mate na damu ya fizi zake, akarudi kuketi na kunipa mgongo.

Koplo aliandika kwa muda mrefu. Kisha akanigeuzia karatasi na kunipa kalamu. Mkono wa kulia haukuweza kuishika. Nikatia saini kwa wa kushoto, mchoro kama wa mtoto wa chekechea: nimemchoma shemeji yangu kifuani, mara mbili, kwa kukusudia.

Akachukua karatasi, akaikunja, akanifunga pingu. Tulikuwa tumeshapiga hatua kama tano kwenye korido ile ndefu niliposikia mlango ukifunguliwa nyuma yetu.

Nikageuka. Alikuwa daktari kijana. Amevua glavu. Mikono yote miwili ilining'inia ubavuni, mitupu, na kidole kimoja cha shahada kimekunjamana na kuwa cheupe kama kilicholowekwa majini siku nzima.

Mdogo wangu akamkimbilia. "Daktari! Kidole umekitoa? Amekuwaje? Daktari!"

Alimpita bila kumtazama. Akampita na muuza nyama. Akaja moja kwa moja mpaka tuliposimama, akaniangalia usoni, akaangalia pingu, kisha akamnyooshea koplo mkono.

"Hiyo karatasi aliyotia saini," alisema, "nipe."